Mzee Sironka, Mwogeshaji wa Chatu, Anastaafu kwa Mara ya Pili

Baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka ishirini na mmoja, Mzee Sironka ole Metui anastaafu leo, Jumamosi tarehe 29 Juni 1985. Wenye kumbukumbu nzuri watasema kwamba alikwisha kustaafu Desemba iliyopita. Ni kweli. Tulimwimbia, tukamvisha shada la maua, tukala mbuzi wake wa kuagwa, na Mkuu wa Shule akatoa hotuba iliyowatoa machozi hata watu wa kidato cha nne. Kabla Januari haijaisha, Mzee alikuwa amerudi, anachochea moto nyuma ya maabara kama mtu ambaye hakuagwa na yeyote. Ndiyo sababu leo amechinjwa mbuzi wa pili. Mkuu wa Shule ametangaza mstarini kwamba hakutakuwa na mbuzi wa tatu.

Aliyemrudisha ni Nanyokie. Kwa wageni wetu ambao hawamjui, Nanyokie ni chatu wa shule. Anakaa katika chumba cha nyoka kilicho nyuma ya maabara ya baiolojia, na kwa urefu amekipita kitanda cha bweni. Hajawahi kumng'ata mtu. Ila Karatu ni baridi, na upepo wake ni mkavu kwa kiumbe aliyezaliwa kwenye joto la Ziwa Eyasi, kwa hiyo lazima aloweshwe katika maji ya uvuguvugu kila Jumamosi. Asipooga, ngozi yake ya zamani hukauka ikamganda mwilini. Kwa miaka yote aliogeshwa na mtu mmoja tu. Mzee alipokwenda kwao Kakesio baada ya sherehe ya Desemba, Nanyokie aliikataa mikono mingine yote. Ngozi ilimganda mpaka machoni, akawa kama aliyevaa miwani ya bibi yake, na akagoma kula.

Habari zilimfikia Mzee, naye akapanda lori la kwanza lililopita. Alimlowesha, akambandua ngozi ile polepole, kisha akasema mbele ya Mkuu wa Shule: "Siendi tena nyumbani mpaka apatikane mtu wa kumwogesha huyu." Mkuu wa Shule alimweleza kwamba kuna hoteli moja ya watalii kule ukingoni mwa kreta iliyo tayari kumchukua chatu na kumweka ndani ya kioo karibu na baa. Mzee alijibu kwamba Nanyokie hakulelewa baa. Tangu siku hiyo kustaafu kwake kulikuwa mikononi mwa nyoka, ingawa nyoka hana mikono.

Mzee Sironka alizaliwa Kakesio katika familia ya wafugaji. Mwaka wenyewe haujulikani; yeye husema ni ule ambao nzige walikula mpaka kamba za kufungia ndama. Ujanani alifanya kazi ya josho. Alisimama mlangoni akiwapigia ng'ombe mluzi ili waingie mmoja mmoja kwenye dawa, wazame, waogelee, watokee upande wa pili bila kupe. Anasema kwa mluzi huo aliweza kumzamisha fahali aliyewashinda wanaume kumsukuma. Mluzi huo, kama tutakavyoona, umeipotezea shule yetu muda mwingi.

Alikuja Karatu mwaka 1964, shule ikiwa na madarasa mawili na choo kimoja. Aliajiriwa kuwa mlinzi, akaongezewa kazi ya kupiga kengele. Kengele yetu ni rimu ya lori, na saa ya Mzee ilikuwa jua. Siku za ukungu, na ukungu si mgeni Karatu, kipindi cha hisabati kiliweza kuanza asubuhi na kuendelea mpaka mwalimu mwenyewe akaishiwa na hesabu. Wanafunzi wa zamani waliofaulu somo hilo wanamshukuru hadi leo. Aliwahi pia kumfukuza nyati aliyeingia kwenye mahindi ya shule kwa kumrushia kiatu. Kiatu hakikuonekana tena, na nyati naye hakuonekana tena. Mzee husema kila mmoja aliondoka na chake.

Lakini jina lake lilienea mwaka 1976. Vibarua kutoka Singida waliokuwa wakichimba mfereji katika shamba la vitunguu huko Baray walimkuta chatu mdogo, mnene kama mpini wa jembe. Walimtia katika gunia la vitunguu wakampelekea Mwalimu Sebastiani, mwalimu wetu wa baiolojia, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuoni. Mwalimu alifurahi sana mpaka gunia lilipofunguka. Wafanyakazi wote walitoka nje, wengine kwa dirisha. Mzee Sironka peke yake alibaki. Aliinama, akatazama vizuri, akasema kwa masikitiko, "Huyu maskini ana kupe."

Kwa Mzee jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Mwenye kupe ni mfugo, na mfugo mwenye kupe hupelekwa joshoni. Hakumwuliza mtu. Asubuhi iliyofuata alilitia gunia begani, akaenda kwenye josho la kijiji, akapanga foleni nyuma ya ng'ombe wa watu. Zamu yake ilipofika, mhudumu wa josho, kijana aitwaye Ngoitiko, alimwuliza bila kuinua macho:

"Mzee, unao wangapi?"

"Mmoja tu."

"Mpitishe basi, tumechelewa."

Mzee akafungua gunia.

Ng'ombe waliokuwa wamekwisha kuoga walioga tena, kwa maana walikimbilia mle mle walimotokea. Wachungaji walitawanyika kila mmoja na njia yake. Ngoitiko aliendelea na mazungumzo akiwa juu ya paa la josho.

"Ole Metui! Huyo naye ni ng'ombe?"

"Ana kupe, humwoni?"

"Hata mbwa wangu ana kupe, mbona simpangishi foleni?"

"Basi humpendi mbwa wako."

"Mzee, nakuomba! Dawa hii itamuua! Ni ya wanyama wenye miguu!"

Hapo Mzee alimrudisha nyoka guniani, kwa maana kuua mfugo wa mwalimu lilikuwa jambo jingine. Aliwatoa kupe kwa vidole, akiwa amekaa kwenye ngazi za maabara, na wakati akiwatoa ndipo alipompa jina la Nanyokie, yaani yule mwekundu. Huko kwao ndivyo wanavyoitwa ng'ombe wa rangi hiyo, na wanawake pia.

Mkuu wa Shule wa wakati ule alimkabidhi nyoka yule rasmi, na Mzee akaanza mara moja kujenga. Hakujenga beseni wala bwawa. Alijenga josho kamili la saruji, lenye mlango mwembamba, mteremko wa kuingilia, shimo la kuzamia, mteremko wa kutokea na kizizi cha kukaukia, vyote vikiwa na ukubwa wa kumtosha bata. Siku ya kwanza Nanyokie aliingia vizuri, akafika katikati, akafikiri kidogo, akageuka, akatokea alikoingilia. Mzee akamrudisha. Akageuka tena.

"Nimeogesha ng'ombe wa Kakesio wote," Mzee aliwaambia wanafunzi kwa uchungu. "Sijaona mnyama asiyejua mbele ni wapi."

"Babu, labda kwake kote ni mbele," mwanafunzi mmoja alimwambia.

Josho lile siku hizi linatumiwa na bata wa Mwalimu wa Kilimo, nao hutokea upande unaotakiwa.

Baadaye Mzee alipata nusu ya pipa la mafuta lililokatwa kwa urefu, kama yale ya kunyweshea ndama, na humo ndimo Nanyokie ameogea mpaka leo. Sisi tuliokuwa tukichungulia kupitia tundu la ukuta wa maabara tunajua anavyokuwa akiwa na Mzee. Mkia hutangulia, kama mtu anayeyajaribu maji kwa kidole cha mguu. Mwili hufuata polepole, na maji hupanda mpaka ukingoni. Huzama akabakiza matundu ya pua, akakaa hivyo mpaka mgeni akadhani amekufa. Kisha hunywa, taya zikicheza kidogo kidogo. Mwishowe kidevu hutokeza na kulala juu ya ukingo wa pipa, naye hutulia kama mama aliyepata nafasi ya kukaa baada ya kazi. Mzee humsugua kwa kitambaa kuanzia shingoni huku akipiga mluzi wa josho kwa sauti ya chini. Akimaliza hunyoosha mgongo na kusema, "Mluzi. Siri yote ni mluzi."

Tuliamini. Tangu Januari shule nzima ilikuwa ikitafuta mrithi, na kila aliyejitokeza alifundishwa mluzi kwanza.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Sebastiani. Alileta kipimajoto, akafungua madirisha na milango yote ili tuone vizuri, akatupanga kulizunguka pipa tukiwa na madaftari. Mzee alisimama pembeni kama mkufunzi.

"Mwalimu, usipulize kama unapoza chai. Vuta toka tumboni."

"Mzee wangu, nyoka hana masikio ya kusikia mluzi."

"Hata mke wangu husema hanisikii, lakini chakula huja."

Mwalimu alipiga mluzi. Nanyokie hakuzama. Alikipanda kipimajoto, kutoka kipimajoto akaupanda mkono, kutoka mkono akapanda bega, akajizungusha kiunoni, na mwisho akaweka kichwa chake juu ya kichwa cha Mwalimu. Maji yalimchuruzika Mwalimu mpaka kwenye soksi. Alimaliza kipindi akiwa wima kama mlingoti wa bendera, akatufundisha juu ya mgandamizo, mada ambayo haikuwa kwenye ratiba ya muhula ule.

Wa pili alikuwa Natalia, mpishi wetu kutoka Mbulu. Tangu sabuni ilipoadimika madukani Natalia alikuwa na kinyongo na chumba cha nyoka. "Watoto wangu wanafulia majivu," alikuwa akisema, "nyoka aoge kwa sabuni?" Alipohakikishiwa kwamba Nanyokie hajawahi kuionja sabuni, moyo wake ulilainika, akakubali kujaribu. Alimchukua kama mtoto. Alimbana nyuma ya kichwa, akaanza kumsugua kwa nguvu kama tunavyosuguliwa Jumapili kabla ya kanisa. Nanyokie akafanya kile ambacho nyoka hufanya mara nyingi akitiwa katika maji ya uvuguvugu huku ana hofu. Mwalimu wa Kiswahili ameshauri jambo hilo lisitajwe kwa jina katika maandishi ya sherehe. Inatosha kusema kwamba kidato cha tatu, waliokuwa wakifanya jaribio upande wa pili wa ukuta, waliomba wote kwa pamoja kutoka nje, na msimamizi aliwatangulia.

"Si kosa lako, mama," Mzee alimfariji Natalia. "Hukupiga mluzi."

"Ningepigaje, na mdomo nimeufunga pamoja na pua?"

Wa tatu alikuwa Patrisi, aliyechukua nafasi ya Mzee ya ulinzi. Patrisi ni mwenyeji wa Singida, na alitueleza kwamba kwao nyoka ni kama mjusi tu. Alikunja mikono ya shati, akapiga mluzi mzuri kuliko wote, akainama. Nanyokie alimtazama, akavuta pumzi, akaitoa kwa mlio wa tairi la lori lililopata pancha. Patrisi alionekana tena akiwa juu ya tangi la maji.

"Patrisi, shuka!" tulimwita. "Ameshaingia chumbani kwake!"

"Nani kasema nimemkimbia? Nakagua tangi."

"Lina nini?"

"Lina maji."

Alilikagua mpaka kengele ya chakula.

Wengine walifuata, nao hawakufanikiwa. Kufikia Mei hakukuwa na mtu shuleni asiyeujua mluzi wa josho. Tuliupiga tukienda kuchota maji, tukifagia, hata kwaya ilijisahau ikauanza kabla ya wimbo. Ng'ombe wa majirani, ambao walizoea mluzi huo tangu wakiwa ndama, walianza kuja asubuhi na kupanga foleni mbele ya maabara. Wao walikuwa tayari kabisa kuogeshwa. Nanyokie ndiye aliyekataa.

Sisi tulicheka. Mzee hakucheka. Alikuwa akiwaogopesha wanafunzi wavivu kwa sauti yake, na sasa sauti ilikuwa imepungua. Nyumbani Kakesio mkewe alikuwa amejenga nyumba mpya na kumngoja aingie naye. Wajukuu walikuwa wakizaliwa na babu yao hajawatemea mate ya baraka. Kila lori la kwenda Endulen, njia ya kwao, lilipopita barabarani alisimama kulitazama mpaka vumbi lilipotulia, kisha alirudi kuchemsha maji. Natalia alimwambia mara nyingi, "Mzee, nenda zako, ni nyoka tu." Mzee alimjibu kwamba aliyemfuga mnyama hawezi kumwacha akiwa na ngozi machoni.

Mwishoni mwa mwezi uliopita alimpa ujumbe dereva Ismaili, ambaye lori lake hupeleka unga Kakesio. Ujumbe kwa mkewe ulikuwa huu: "Mwambie Mama Lengai bado nachelewa. Hakuna mtu mwingine wa kumwogesha Nanyokie." Ismaili ni mtu mwaminifu. Aliufikisha ujumbe kama alivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Ni lazima ieleweke kwamba nyumbani Mzee alikuwa akisema tu kwamba anahudumia mfugo wa shule, kwa sababu hakutaka kumtia mtu hofu. Tunawaomba wasomaji wajiweke mahali pa Mama Lengai.

Lori liliporudi Karatu, Mama Lengai alikuwa kwenye kiti cha mbele. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, saa ya kuoga. Alishuka na fimbo mkononi, mrefu, shingo imejaa shanga, akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya maabara.

"Nanyokie ndiye nani hapa?"

Natalia, aliyekuwa akileta maji ya moto, alitua ndoo.

"Shikamoo, mama. Nanyokie anaoga."

"Marahaba. Na mume wangu?"

"Yuko naye."

Natalia ametuhakikishia kwamba alijibu kwa nia njema.

Mama Lengai aliusukuma mlango kwa fimbo akaingia, nasi tukafuata. Ndani alimkuta Mzee akimfundisha Patrisi mluzi kwa mara nyingine. Madirisha yalikuwa wazi, jua limeingia mpaka kwenye maji, na Nanyokie alikuwa ametoka majini na kujisokota kwenye bomba. Mama Lengai alimtazama mumewe, akatazama pipa, akamtazama nyoka, akarudi kwa mumewe.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu," Mzee alijibu.

Alicheka mpaka shanga zikalia. Kisha akaacha ghafla, na hapo ndipo tulipoogopa.

"Baba Lengai, ndama hufungwa kwa kamba. Mbuzi hufungwa kwa kamba. Wewe umefungwa na kamba isiyo na hata mtu wa kuivuta."

"Mama Lengai, kazi hii si rahisi. Ina utaratibu. Kwanza unayapima maji kwa kiwiko, halafu mluzi…"

"Mrudishe majini. Halafu sogea."

Mzee alimbandua Nanyokie kutoka kwenye bomba, akamshusha ndani ya pipa, akasogea.

Mama Lengai hapendi kumtazama nyoka. Ametuambia hivyo mwenyewe, na ametupa ruhusa ya kuyaandika haya yote. Kwa hiyo alivua shuka yake ya juu, akaitandaza juu ya pipa lote, akaingiza mikono chini yake, akageuzia uso ukutani. Akaanza kupitisha mikono taratibu kama anayesuuza kibuyu cha maziwa, huku akimwuliza Natalia kama mvua za Karatu zilikuwa nzuri mwaka huu. Natalia alijibu kwamba zilikuwa nzuri, ila zilichelewa.

Tulingoja. Patrisi alingoja karibu na mlango. Shuka ilitikisika, ikatikisika tena, kisha ikatulia. Pembeni, chini ya pindo, ikatokea pua, halafu kidevu, kikalala juu ya ukingo wa pipa. Ulimi ukatoka, ukaonja hewa, ukarudi ndani.

"Tayari," alisema Mama Lengai, akijipangusa mikono. "Nini kingine?"

Mzee alikuwa bado amekunja midomo.

"Hukupiga mluzi," alisema.

"Nimpigie mluzi, kwani ni ng'ombe?"

Mwalimu Sebastiani ndiye aliyeanza kulitazama kabuti la Mzee. Ni kabuti pana la walinzi, nalo hulivaa masika na kiangazi, vifungo vikiwa wazi kwa sababu vilikatika zamani. Anapoinama kumsugua Nanyokie, kabuti lote hushuka pande zote mbili na kulifunika pipa kama hema, likiacha wazi upande wa tundu letu tu. Miaka yote nyoka yule alikuwa akioga gizani, bila kujua kwamba anachunguliwa. Sisi tulifungua madirisha, tukamzunguka, tukamkodolea macho, kisha tukampigia mluzi. Hata binadamu, alisema Mwalimu, hapendi kuogeshwa mbele ya kidato cha pili kizima.

Jambo hilo lilijaribiwa wiki zilizofuata. Natalia alitandaza kitenge chake, akapunguza nguvu za Jumapili, na Nanyokie akatulia. Patrisi alitandaza blanketi la bweni, akafumba macho ingawa hakukuwa na haja, na Nanyokie akatulia, japokuwa Patrisi alisugua ukingo wa pipa kwa muda mrefu akidhani ni mgongo.

Lakini siku ile ya kwanza, watu walipokuwa wakishangilia, Mzee alitoka nje peke yake, akakaa kwenye ngazi za maabara. Mama Lengai alikwenda kukaa karibu naye. Sisi tulichukua fagio tukajifanya tunafagia.

"Kumbe miaka yote hiyo," alisema Mzee, "nilikuwa kivuli tu."

Mama Lengai alikuwa akikamua maji kwenye shuka yake. Alimaliza kwanza.

"Kivuli si kitu kidogo, Baba Lengai," alisema. "Na kwetu jua ni kali."

Mzee alimtazama, akacheka, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Januari.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya wasichana wa kidato cha pili. Aliyeingiza mikono alitetemeka, lakini maji tu ndiyo yaliyojua, naye anatumaini kupewa zamu nyingine. Mzee hakuingia. Alisimama nje ya ukuta, mgongo ukielekea mlango, mpaka kitambaa kilipoondolewa. Aliuliza swali moja tu, "Amekunywa?" Tukamjibu, "Amekunywa, Babu." Akaenda kufunga mzigo wake.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote tunakwambia kwa lugha ya kwenu, ashe oleng, asante sana. Ulitufundisha kwamba mnyama asiyependwa na watu naye huhitaji kuangaliwa, na hukutufundisha kwa maneno. Mwenyezi Mungu akupe mvua kwa wakati wake, majani ya kutosha, na wajukuu wanaosimama tuli wakati wa kubarikiwa. Ukae nyumbani mwako uzeeke vizuri, na Januari tukusikie tu kwa salamu.

Ismaili ameahirisha safari mpaka nyama iishe. Mama Lengai amekwisha kukaa kwenye lori, na nafasi iliyo karibu naye ameiwekea mkono ili asikae mtu mwingine. Nenda kwa amani, Babu. Nanyokie ameshaoga.